Sheni ya Kinga ya Papa

Juma iliyopita nilikuwa natoka Kitshanga naenda Mweso, nyuma ya moto, pikipiki ya kukodi, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu bila kupumuzika. Unaijua ile barabara. Kama huijui, fikiria tu matope yenye inashika kiatu na haitaki kuirudisha. Tulipofika ku muteremuko moja, sheni ya moto, munyororo yake, ikaanza kulia kama vifaranga vyenye vimeachwa na mama yao. Motari, mwenye kuiendesha, akasimama, akatoa chupa kidogo ya mafuta mu koti, akaimimina yote ku sheni, juu ya matope yenyewe, kama muntu anamwangia mboga ya sombe mafuta ya mawese.

"Papa, futa kwanza," nikamwambia.

Akaniangalia. "Mama, uko fundi?"

"Siko fundi. Lakini ile mafuta unalisha matope."

Akacheka, akasema bamama ba siku hizi banajua yote, tukapanda, tukaendelea. Mbele ya kufika Mweso tulisimama tena mara mbili. Nilimuacha na sheni yake. Nilikuwa nimechoka, na kuna haki zenye hazimufikishi muntu mbio.

Lakini njia yote nilikuwa nafikiria kinga ya Papa, baba yangu, ile baiskeli ya kubebea maziwa. Sijui kama ni jambo ya kuandika mu kaye, hii daftari. Nilisoma mpaka mwaka wa tano wa primeri tu, na watu wenye kuandika wako na mambo makubwa kuliko sheni. Wewe rafiki utanivumilia, kama vile umenivumilia siku zote.

Tulikaa ku kilima, juu ya Mweso, mwendo wa masaa mbili kama njia iko kavu, na njia haikuwaka kavu. Papa alikuwa na ng'ombe ine zake, na zingine za watu zenye alichunga. Asubuhi baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Mpaka leo nasikia maziwa ikiingia mu chombo: kwanza kwa sauti kali, sababu chombo iko tupu, kisha laini, kisha kama watu wawili wanaongea chini chini mu nyumba ya pili. Mama alichuja. Koko, mama muzazi wa Papa, alikaa pembeni ya moto na kibuyu ku mapaja, anaisukasuka mpaka mafuta iachane na maziwa. Alikuwa na wimbo moja tu, na hakuwahi kuimaliza. Sisi watoto tulikula viazi ya moto na mashanza, maziwa ile yenye imelala ikaganda, tukapuliza vidole, tukagombania viazi yenye imeungua kidogo, sababu njo ilikuwa tamu.

Papa alifunga bido mbili, vidumu vya maziwa, nyuma ya kinga, moja huku, moja kule, na akashuka Mweso kuuzia mama mwenye kupika chai ku soko. Mu mupando alisukuma. Mu tambarare alipanda. Mu muteremuko alipanda pia, lakini akiomba. Kinga yenyewe ilikuwa nyeusi, nzito, ya chuma ya zamani, na hatukujua ni nani aliipanda wa kwanza. Kaka zangu walienda na ng'ombe. Mimi nilikuwa mutoto mwanamuke peke yangu, na kazi yangu, kupita kuteka maji na kuchambua maharagi, ilikuwa sheni. Papa alisema vidole vyangu ni vidogo, vinaingia penye vidole vyake haviingii. Naamini alisema vile pia kusudi nisilalamike.

Mwenye kunifundisha ni jirani. Alikaa ng'ambo ya bonde, ku njia panda ya juu, penye Papa alipita akishuka Mweso, yeye na bibi yake. Walitoka Buleusa, upande wa Walikale, wakikimbia mambo yenye sisi wote tulikimbiaka, kila muntu kwa zamu yake. Kule kwao alilima na kuwinda. Kwetu pori ya kuwinda haikuwa, ni majani ya ng'ombe tu mpaka jicho inachoka, basi akakuwa fundi ya kinga. Aliuzisha pia mawese yenye ndugu zake walimuletea kutoka chini, ku mabega. Na alikuwa na vidanji, ile mafuta nyeusi yenye imetoka mu mashini ya gari, yenye ma-shoferi walimwachia ku njia. Vidanji njo ilikuwa ya sheni.

"Madamu Mekanisie amefika," alinitania kila mara akiniona na kinga, kama niko fundi mukubwa. "Leta mugonjwa tumuone."

Alinifundisha kuosha sheni kwanza na maji ya mutoni, kwa gunzi ya muhindi, mpaka maji itoke safi. Kisha kukausha. Hapa alikuwa mukali, mbele ya yote. Maji ikibaki ndani, alisema, unafungia adui mu nyumba. Tuliweka kinga karibu na moto, haraka haraka, na tulizungusha pedali nyuma mpaka sheni ikauke. Kisha nyoya ya kuku. Unaichovya ncha tu mu vidanji, unagusa kila kiungo tone moja, pale penye chuma inazunguka juu ya chuma. Na kisha, mambo yenye ilinishangaza, unachukua kitambaa na unafuta yote. Unafuta mpaka sheni inaonekana kama haukuipaka kitu.

"Sasa nilipaka juu ya nini?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Sheni inakula ndani," akasema. "Yenye unaacha inje, ni matope njo inakula."

Nilifanya vile mvua nzima, na mvua ingine. Watu wa maziwa walisimamisha Papa ku njia na kumuuliza mbona kinga yake hailie. Papa aliwaambia iko na munganga wake. Sikuwahi kusikia akinisifu mbele yangu, lakini ile niliisikia, nilikuwa nyuma ya mulango.

Ile mwaka yenye nataka kusema, mvua ilizidi. Mutoni ya bonde ilijaa. Siku moja, jioni, chupa yangu ya vidanji ilikuwa imekwisha, na ilipaswa nivuke bonde kwenda kwa jirani kuomba ingine. Nilikuwa nimekwisha kuteka maji mara mbili. Miguu yangu ilikuwa nyeupe kwa baridi. Kusema kweli, hakuna muntu alinikataza kwenda, na hakuna aliyenichelewesha. Nilichoka tu, na sikutaka kuloana mara ya tatu.

Mu pembe ya nyumba kulikuwa chungu kidogo ya koko, yenye aliwekaka mafuta ya ng'ombe, ile ya kibuyu yake. Ile haikuwa mafuta ya kuchezea. Ilikuwa ya kupaka mutoto mwenye amezaliwa, ya bibi harusi, ya kifua ya mugonjwa. Nikaikata na kidole, nikaipasha ku moto, ikakuwa maji ya rangi ya zahabu, nikaipaka ku sheni na nyoya yangu, kiungo kwa kiungo. Sikufuta. Niliona haya kufuta kitu ya bei kama ile. Sheni ikang'aa kupita siku zote, na ilizunguka kimya kabisa. Nililala nikiamini nimevumbua kitu.

Wewe mwenye unaijua baridi yetu ya asubuhi umekwisha kuelewa. Mafuta iliganda ku sheni kama mushumaa. Papa alifunga bido zake mu giza ya alfajiri bila kuangalia, akashuka. Mu matope ya kwanza, ile mafuta ikashika muchanga, na mawe madogo, na majani, na penye njia inainama sana sheni ikaruka meno ya nyuma, ikajifunga, na gurudumu ikasimama pale pale.

Aliporudi ilikuwa bado mapema. Goti yake ilikuwa wazi na bido zilikuwa tupu. Maziwa ilimwangika juu yake, juu ya kinga, juu ya njia. Kwetu maziwa ku matope si hasara tu, ni kitu yenye watu wanaacha kuongea wakiona. Mama akaenda kuleta maji. Koko akaacha kibuyu.

Papa akageuza kinga, akakwangua sheni na ukucha. Kinga nzima ilikuwa inanuka maziwa, basi harufu haikumwambia kitu. Aliona tu kitu ya manjano, ngumu, yenye imechanganyika na muchanga.

"Hii ni mawese," akasema. "Mawese inagandaka ku baridi. Ule muntu wa pori anatia mawese mu vidanji, anatupatia."

Ningesema pale. Nafasi ilikuwa pana kama mulango. Papa aliniangalia hata, akaniuliza, "Alikupatia ile chupa lini?" Nikamujibu siku yenye alinipatia, na haikuwa uongo. Chupa ilikuwa ya kwake kweli. Nilijificha nyuma ya ukweli kidogo, na mpaka leo naona ile ni mubaya kupita uongo yenyewe, lakini labda nakosea, mapadri wanajua zaidi.

Siku ile ile Papa alienda na goti yake ku njia panda ndogo, penye watu wa maziwa walikutanaka, na akasema. Alikuwa na hasira na maumivu, na alisema kwa sauti. Kufika siku ya yenga, siku ya kanisa, kinga zote za maziwa zilikuwa zinatengenezwa kwa fundi mwengine, mbali zaidi, na huyu mwengine alikuwa mubaya, kila muntu alijua ni mubaya. Hakuna aliyerudi kwa jirani. Ku kanisa, benchi yenye yeye na bibi yake walikaa ilibaki na nafasi upande huu na upande ule.

Kisha akakuja kwetu. Alivuka bonde na mvua, akasimama inje, akasema hodi kama muntu wa kawaida.

"Papa wa Maziwa, nasikia mafuta yangu ilikuangusha."

"Mafuta yako ao mawese yako?"

"Mimi nauzisha mawese ku chupa yake na vidanji ku chupa yake. Madamu Mekanisie huyu ananiona kila siku."

"Usiingize mutoto," Papa akasema.

Jirani akaomba kuona vyombo. Nikamuletea gunzi, kitambaa, chupa tupu, nyoya. Akachukua nyoya, akaipitisha chini ya pua yake. Mara moja. Akaniangalia. Nilikuwa naangalia vidole vya miguu yangu.

"Basi," akasema pole pole. "Labda nilikosea chupa. Muntu anaweza kukosea chupa."

Akaenda. Papa akasema, umesikia, amekubali kwa kinywa yake. Mama akasema amekubali kama vile muntu anakubali mvua.

Jioni ile koko alifungua chungu yake kunipaka kifua, sababu nilikuwa nakohoa. Akaangalia ndani. Ile alama ya kidole yangu ilikuwa pale bado, imeganda.

"Panya ya hii nyumba," akasema, "inajuaka kufunika chungu."

Akanipaka kifua, vizuri, kwa mukono yake ya moto. Nilipitisha siku tisa na ile siri. Nazijua sababu kila asubuhi Papa alipita mbele ya jirani bila kusalimia, na kila jioni aliporudi niliangalia uso yake kama labda leo wamesalimiana. Bibi ya jirani alianza kuuza vyombo vya nyumba, sufuria kwanza.

Siku ya kumi nilienda mu kitalu ya ng'ombe penye Papa alikuwa anakamua. Nikasimama upande wa kichwa ya ng'ombe kusudi asinione vizuri.

"Papa, haikuwa mawese. Ilikuwa mafuta ya koko. Ni mimi nilipaka."

Akaendelea kukamua. Alikamua mpaka mwisho, matone ya mwisho kabisa, na mimi nasimama. Kisha akasema:

"Na uliniacha niseme."

"Ndiyo, Papa."

Hakunipiga. Afazali angenipiga, nilifikiria vile wakati ile. Akachukua maziwa yenye alikuwa amekamua, yote, hakupeleka Mweso, akaniambia nivae gilé yangu ya baridi, tukavuka bonde.

Jirani alitukaribisha ku kiti. Papa hakukaa. Akamupa chombo na mikono mbili, kama vile tunapeanaka kwetu muntu akiwa na kosa, na akasema yote, na jina yangu ndani, na yake ndani. Jirani akasikiliza. Kisha akaangalia ile maziwa ya moto, bado na povu.

"Papa wa Maziwa, sisi batu ba pori, maziwa mubichi inatupigisha vita mu tumbo. Hauoni ni azabu ingine unanipatia?"

"Onja tu," Papa akasema. "Kidogo."

Akainua chombo na akakunywa yote. Povu ikabaki ku ndevu yake. Bibi yake akasema mu luga yao kitu yenye ilimuchekesha, na Papa naye akacheka, na mimi njo nilianza kulia.

"Madamu Mekanisie," jirani akaniambia. "Mafuta ya ng'ombe. Hata mimi singefikiria ile."

Alisema hivyo. Na nilimuona akinusa nyoya. Nimezungusha ile mu kichwa miaka yote hii. Labda alijua, akanifunika. Labda hakusikia harufu yoyote, na alikuwa tu muntu mwenye kuchoka kubishana kama mugeni. Sitaki kumufanya mutakatifu kama hakutaka kuwa mutakatifu. Naandika vile niliona.

Na kuhusu Papa nataka kuwa wa haki, usimuweke vibaya. Alienda ku njia panda ndogo kesho yake, nilikuwa naye, na aliwaambia watu wa maziwa: ile mambo ya Fundi haikuwa yeye, ilikuwa mutoto wangu na chungu ya mama yangu. Wakacheka. Mumoja akasema, "Sasa amekutengenezea bure, unamutetea?" Papa akaapa. Wakasema sawa. Lakini mambo ya muntu wa pori mwenye kuchanganya mafuta ilikuwa imekwisha kushuka Mweso, imepanda Kitshanga, na ilikuwa tamu mu kinywa. Ile ya mutoto na mafuta ya ng'ombe haikuenda popote. Papa peke yake njo alirudisha kinga yake kwa jirani. Na kinga moja haiwezi kulisha watu wawili.

Mbele ya mvua kuisha walihama. Tulisikia alienda Rubaya, anabeba mifuko ya mawe ku mugongo, kutoka ku mashimo ya madini mpaka chini. Muntu mwenye alijua kusikiliza sheni. Papa alipitia ile nyumba tupu kila siku na akapunguza mwendo kidogo, hata kama njia ilikuwa nzuri pale.

Ng'ombe zilienda mu vita ya baadaye, zote, usiku mumoja na mchana mumoja. Koko alizikwa ku kilima, na sijui nani anapita leo juu yake. Papa alifia mbali, mu mahema, akiuliza kama mvua imenyesha kwetu. Kinga sikumbuki hata tuliiacha wapi. Siku hizi maziwa inashuka ku moto, mawese inapanda ku moto, na wenye kuileta na wenye kuipokea hawakunywi tena mu chombo moja. Wanahesabiana kwa macho na wanaachana. Sisemi zamani watu walikuwa wazuri. Nimekuambia mwenyewe vile tulikuwa. Lakini kulikuwa na bonde, na muntu aliweza kuivuka asubuhi na chombo ya maziwa na kurudi mbele ya jua kupanda.

Mwezi uliopita binti yangu alitoka ku soko na sabuni yenye haikutoa povu. Akaitupa ku meza. "Hii nayo ni mafuta ya muntu wa pori," akasema.

Nikamuuliza nani alimufundisha ile maneno.

"Mama, batu bote banasemaka vile. Kitu ya uongo, unaita vile."

Nilikaa chini. Nikamwambia yote, kama vile nimekuambia, na chungu, na nyoya, na zile siku tisa. Alisikiliza mpaka mwisho, na hakucheka. Kisha akauliza kitu yenye mutoto yeyote angeuliza.

"Ule Papa fundi alikuwa anaitwa nani?"

Nikafungua kinywa. Nyumbani tulimuita jirani. Watu walimuita Fundi. Bibi yake alimuita kwa luga yao, na sikuwahi kuishika. Papa yangu njo alijua jina yake, na sikumuuliza.

Toka ile siku nauliza. Kuna wamama wa Buleusa wenye wanauzisha mihogo ku soko ya Mweso, na nimekwisha kuwauliza watatu: muntu wa kwenu, fundi ya kinga, alikaa njia panda ya juu na bibi yake, walienda Rubaya. Wananijibu kwa heshima, wanasogeza mihogo nipate kukaa.

"Mama, fundi gani?" wananiuliza. "Bafundi balikuwa bengi."